Kikombe cha Pili Stesheni ya Same

Inspekta Hedwiga Mgonja aliagiza chakula kilekile na kukaa kwenye kiti kilekile: meza ya pembeni katika baa ya stesheni ya Same, mgongo ukutani, dirisha likitazama reli. Jana jioni kiti hicho kilikaliwa na Mzee Elibariki Mbwambo wa kijiji cha Mamba, mkulima wa tangawizi, mzee wa kanisa, umri miaka sabini na minane. Alikula, akanywa, akapanda treni ya Dar es Salaam kwa miguu yake mwenyewe. Kabla ya kufika Makanya, mkagua tiketi alimgusa bega akaona kichwa kinaangukia upande. Mzee hakuamka. Walimrudisha Same kwa gari, na mpaka saa hii alikuwa bado hajaamka.

"Makande ya maziwa," Hedwiga alimwambia mhudumu. "Yasiwe na chumvi. Na chai ya rangi ya tangawizi."

"Na mimi, afande?" aliuliza Konstebo Abdulrahmani.

"Na wewe hivyohivyo."

Konstebo alikunja uso. Alikuwa mtu wa Pangani, na huu ulikuwa mwezi wake wa nne Same. "Makande nilikula bweni miaka minne. Nilidhani kile kifungo nilikimaliza."

"Yale ya bweni ni mahindi na maharage yaliyokutana barabarani. Haya yamelala chungu kimoja usiku kucha. Kula, halafu uniambie sumu ingekaa wapi isisikike mdomoni."

Kijiko cha konstebo kilisimama hewani, kisha kikaendelea.

Nje, upepo wa Same ulikuwa ukisukuma vumbi jekundu juu ya mataruma. Leo hapakuwa na treni, kwa hiyo wateja wa baa walikuwa wao wawili na nzi. Hedwiga alitazama simu. Saa saba na robo mchana. Ikaita mkononi mwake.

"Pumzi nane kwa dakika," alisema Daktari Fredrick kutoka hospitalini. "Asubuhi zilikuwa kumi na mbili."

"Ni nini?"

"Wewe ndiye uniambie. Si kiharusi, si sukari, si malaria. Ingekuwa dawa ya wadudu ningeona mate na jasho, sioni. Kuna kitu kimemlaza. Nikikijua, nitajua namna ya kukitoa mwilini. Nisipokijua, namwekea maji na kumtazama."

"Damu?"

"Imekwenda Moshi. Majibu kesho."

"Una muda gani?"

"Mimi ninao. Yeye ndiye hana. Labda mpaka jioni."

Hedwiga alirudisha simu mezani. Kituoni walikuwa wamekwisha kumpata mkosaji wao tangu jana usiku: Rosemary, mpishi wa baa hii. Sababu zilikuwa mbili, na zote zilisikika vizuri. Kwanza, ndiye aliyempakulia mzee sahani ya peke yake. Pili, miaka sita iliyopita Mzee Elibariki ndiye aliyesimama mbele ya baraza la wazee wa usharika na kumfanya Rosemary awekwe nje ya kundi kwa kufanya kazi ya baa. Hashiriki meza ya Bwana, haimbi kwaya. Mamba nzima inajua.

Asubuhi Hedwiga alikuwa amemuuliza mahabusu, "Alikunywa nini?"

"Chai," Rosemary alijibu.

"Chai tu?"

Mpishi alitazama ukuta. "Chai, afande. Yule ni mzee wa kanisa."

Jibu hilo lilimkaa Hedwiga kooni tangu saa mbili.

"Victoria," alimwita mhudumu. "Njoo ukae."

Msichana alikaa ukingoni mwa kiti. Alizaliwa kambi ya mkonge huko tambarare, wazazi wake watu wa Kigoma waliofuata kazi ya kukata. Alikuwa na mwezi wa pili tu katika baa hii, na tangu jana alikuwa ameshahojiwa mara tatu na watu waliosimama juu ya kichwa chake.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Makande umepika wewe leo?"

"Dada Rose aliloweka mahindi kabla hawajamchukua. Nimemalizia."

"Umemalizia vizuri. Sahani ya mzee jana, nani aliiosha?"

"Mimi."

"Ilikuwa na nini?"

"Haikuwa na kitu. Alimaliza."

Hedwiga alikula kijiko kimoja, taratibu, akameza. "Mzee hana meno ya nyuma. Hiki nilichokula hapa kimenichukua robo saa, na mimi ninayo yote. Mchukuzi wa mizigo anasema kengele ilipopigwa mzee alikuwa bado anakula, akaacha kijiko ndani ya sahani. Sasa sahani ilimalizwaje?"

Victoria alianza kukunja ncha ya aproni.

"Hakuna atakayekufukuza kazi kwa neno hili," Hedwiga alisema. "Kuna mtu anakufa kwa kukosa neno hili."

"Nilikula mimi."

"Nusu?"

"Nusu nzima. Nilikuwa sijala tangu asubuhi. Bosi hataki tule mabaki ya wateja, anasema tunaiaibisha baa. Sikuwaambia polisi kwa sababu bosi alikuwa amesimama palepale."

"Ukaumwa?"

"Hapana. Nikashiba."

Abdulrahmani aliandika, akanyanyua kichwa. "Basi mpishi hana kesi. Sumu ya sahani ingemlaza na huyu."

"Andika na saa. Sasa tunywe." Hedwiga alivuta kikombe. "Victoria, sitaki uniambie unachofikiri. Niambie ulichoona, kuanzia alipoingia."

Msichana alifumba macho kidogo. "Aliingia kama saa kumi na nusu. Akataka chai. Nikamletea, akatia sukari vijiko vinne, akanywa yote. Nikamletea makande. Halafu akaja yule mtoto wa ndugu yake, Tumainieli. Alikuwa na chupa ya chai, ile ya bluu yenye maua. Akaniambia, 'Dada, usihangaike, baba mkubwa nimemletea chai ya nyumbani.' Akamimina kwenye kikombe kilekile."

"Mzee akatia sukari?"

Victoria alifumbua macho. "Hapana. Bakuli nilishalifunika kwa sababu ya nzi. Hakuomba."

"Vijiko vinne ya kwanza, ya pili hata kimoja. Endelea."

"Tumainieli akanywa kidogo, ndiyo akampa mzee. Hilo niliwaambia polisi."

"Ndiyo," konstebo aliingia. "Lipo kwenye jalada. Ndiyo maana Tumainieli aliachwa. Wamekunywa kikombe kimoja na yeye anatembea. Chai ilikuwa safi."

Hedwiga alikuwa ameweka kijiko chini.

"Alikunywaje?" alimuuliza Victoria. "Nionyeshe kwa kikombe changu."

Victoria alishika kikombe. Alimimina hewani, akakileta mdomoni, akanywa funda moja, akafuta ukingo kwa kidole gumba, kisha akakipeleka mbele kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukiwa umeshika kiwiko. "Hivi. Nikafikiri kilijaa sana, anapunguza kisimwagike."

"Halafu?"

"Wakaongea. Mzee akawa mchangamfu, alikuwa anacheka. Tumainieli akatoka nje na chupa yake, akasema anakwenda kuangalia bodaboda wake. Akarudi, akammiminia tena."

"Mara ya pili akanywa kidogo?"

"Hapana. Mara ya pili alimpa moja kwa moja."

"Saa ngapi?"

"Muda mfupi kabla ya kengele. Nusu saa, hivi. Mzee alipoondoka alikuwa anashikashika meza. Nikafikiri ni uzee."

"Asante, Victoria. Umefanya kazi kuliko kituo kizima."

Msichana alipoondoka, Abdulrahmani alisogeza kiti. "Afande, umeona kitu na mimi nimebaki stesheni."

"Kwenu Pangani mgeni akija ukampa chai, unaionja kwanza mbele yake?"

"Chai? Kwa nini niionje? Atanishangaa."

"Na huku Upare atakushangaa vilevile. Chai hapa haonji mtu. Maji hayaonjwi, maziwa hayaonjwi. Kinachoonjwa ni pombe. Ukimpa mkubwa wako dengelua, unatangulia kunywa funda, unafuta ukingo, unampa kwa mkono wa kulia huku umeshika kiwiko. Mtoto wa Kipare hufundishwa hivyo kabla hajafundishwa kufunga viatu. Mkono unafanya wenyewe."

Konstebo alitazama kile kikombe kana kwamba kingejitetea. "Pombe ya miwa. Ndani ya chupa ya chai."

"Mzee wa kanisa hawezi kukaa baa na chupa ya bia. Anatengwa kesho yake. Lakini akikaa na kikombe cha chai, nani atamnusa? Ndiyo maana Rosemary alitazama ukuta. Alijua. Amekubali kulala mahabusu kuliko kumwaibisha mtu aliyemtenga."

"Lakini bado, afande. Alionja akawa mzima."

"Alionja cha kwanza. Mila inataka uonje unapofungua chombo, mara moja. Cha pili huwa hakionjwi, na mzee hakuwa na sababu ya kudai. Kati ya cha kwanza na cha pili, chupa ilitoka nje." Alisimama. "Vuka reli. Nyuma ya ghala la zamani kuna mama anauza dengelua. Leta lita moja."

"Nikikutwa na sare?"

"Sema ni kielelezo."

"Wote husema hivyo," Abdulrahmani alinung'unika, akachukua kofia.

Hedwiga alipiga simu ya pili. Tumainieli Mbwambo, katibu wa kikundi cha wakulima wa tangawizi, alikuwa mjini, hospitalini, akipokea ndugu waliokuwa wakishuka kutoka milimani. Alimwomba afike stesheni kusaini maelezo ya familia. Suala la dakika kumi, alisema. Halafu akampigia mjumbe wa ukoo kule Mamba na kuuliza swali moja: mzee alikuwa anakwenda Dar es Salaam kufanya nini?

Jibu lilikuwa fupi. Leo saa nne asubuhi palikuwa na kikao cha ardhi. Ndiva ya ukoo, bwawa ambalo mashamba sita ya chini yanalitegemea kumwagilia, ilikuwa imeandikishwa kwa jina la mtu wa hoteli. Sahihi ya ukoo ilikuwa ya Tumainieli. Mzee alikuwa anakwenda kuipinga, na alikwenda kwa treni kwa kuwa tangu anusurike kwenye ajali ya basi hakukanyaga basi tena.

"Na kikao?" Hedwiga aliuliza.

"Kimeahirishwa wiki moja," mjumbe alisema. "Mzee asipokuwepo wiki hiyo pia, ndiva imekwenda."

*

Tumainieli aliingia saa tisa kasoro dakika ishirini. Mtu wa miaka arobaini, shati jeupe lililopigwa pasi, macho mekundu ya kutolala.

"Habari za kazi, dada Hedwiga."

"Nzuri. Pole kwa mgonjwa. Kaa."

Alikaa kwenye kiti kilichobaki. Hakukitazama kile cha ukutani alichokalia Hedwiga, kilichokuwa cha mzee jana. Abdulrahmani alikuwa kaunta, mgongo umewageukia, akijifanya kusoma tangazo la nauli.

"Utakunywa chai," Hedwiga alisema. Alimmiminia kutoka kwenye birika, akamsogezea. Tumainieli alitia sukari, akakoroga, akanywa. Alikuwa na kiu.

"Mpishi amesema nini?" aliuliza.

"Amesema chai."

"Si alikuwa na kinyongo na mzee?"

"Anacho. Kinyongo hakilazi mtu." Hedwiga aliinama, akatoa chini ya meza chupa ya chai aliyoazima jikoni, akafungua kifuniko. Akamimina kwenye kikombe kisafi, nacho akamsogezea kwa mkono mmoja. Harufu tamu na chachu ya miwa ilipanda kati yao. "Na hii."

Mkono wa Tumainieli ulikwenda kwenye kikombe. Ukasimama juu ya meza, vidole wazi. Alimtazama Hedwiga, akangoja.

Hedwiga naye akangoja.

"Mbona hunywi?"

"Hujaonja," alisema.

"Chai nimekupa sasa hivi. Hukungoja nionje."

Alivuta mkono wake taratibu, akauweka pajani, lakini ulikuwa umechelewa.

"Jana ulimpa baba yako mkubwa kitu ndani ya kikombe cha chai," Hedwiga alisema. "Ukaonja. Ukafuta ukingo. Ukashika kiwiko. Kilikuwa nini?"

Abdulrahmani alikuwa amegeuka, daftari mkononi. Hedwiga alitoa onyo la sheria, neno kwa neno, bila kupandisha sauti: kwamba halazimiki kusema lolote, kwamba atakalosema litaandikwa na laweza kutumika mahakamani. Tumainieli aliitikia kwa kichwa.

"Dengelua," alisema. "Sawa. Ni dengelua. Humletea kila anaposafiri. Nilimsitiri tu, dada. Hilo nalo ni kosa?"

"Hapana. Cha kwanza kilikuwa dengelua. Cha pili kilikuwa na nini?"

"Chupa ni ileile."

"Uliitoa nje."

"Nilikwenda kwa bodaboda."

"Bodaboda wako ni Clemence. Yuko hapo kivulini sasa hivi. Nimemuuliza. Anasema hukumfuata jana, ulisimama nyuma ya choo, ukatikisa chupa. Alifikiri unaisuuza."

Tumainieli aligeukia dirisha, kule kivulini.

Hedwiga alipiga namba, akaweka simu katikati ya meza, sauti juu. "Daktari, pumzi ngapi?"

"Sita," sauti ya Fredrick ilisema. "Nimeandaa mashine. Nikimpoteza ndani ya saa hii, sitaweza kukwambia nilikuwa natibu nini."

"Usikate." Alimgeukia Tumainieli. "Sitaki kujua kuhusu ndiva. Hiyo tutaiongea mwaka mzima, na mawakili wapo. Sasa hivi kuna shauri la kumlevya mtu. Jioni linaweza kuwa shauri jingine, na hilo halina dhamana. Anayeamua ni wewe, na una muda wa kunywa kikombe kimoja."

"Sikutaka afe."

"Najua. Ungetaka afe ungechagua kitu kikali. Ulitaka nini?"

Aliongea akiwa ameinamia kile kikombe ambacho hakukinywa. "Alale hapa. Kwenye hicho kiti ulichokalia. Treni impite. Siku zote inachelewa saa mbili, saa tatu. Ningempandisha gari, Noah ya kukodi, tungerudi nyumbani, angeamka kikao kimepita. Jana ikachelewa nusu saa tu. Kengele ikapigwa, akasimama. Nikamwambia baba mkubwa, pumzika, utapanda nyingine. Akanisukuma. Akapanda. Mimi nikabaki namtazama dirishani."

"Na hukumwambia mtu."

"Nikasema atalala, ataamka Korogwe."

"Ulimpa nini?"

"Vidonge vya mama. Vya kifafa."

"Jina," alisema daktari kwenye simu. Sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Vyeupe, vidogo. Feno... fenobabitoni. Wanampa kliniki."

"Vingapi?"

"Nilivisaga. Ishirini. Nilidhani viwili havitamtosha, mama mwenyewe havimlazi viwili..."

"Juu ya pombe," daktari alisema, na wakamsikia akiita watu kwa majina, akitaka mkaa wa dawa, akitaka dripu ibadilishwe, akitaka mashine iletwe upande huu. Kisha akarudi. "Hedwiga. Sasa najua napigana na nani. Niache nifanye kazi." Simu ikakatika.

Hedwiga alimwita Abdulrahmani, akamwambia apige kituoni: Rosemary atoke, sasa, na mtu amsindikize hadi kwake kwa gari, si kwa miguu. Konstebo alitoka. Alirudi, akaketi, na kwa nusu saa waliandika maelezo, swali na jibu, swali na jibu. Tumainieli hakubisha hata sentensi moja. Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya paa la stesheni na kivuli chake kikalala juu ya reli.

Saa kumi na dakika tano ujumbe uliingia. Hedwiga aliusoma, akausoma tena, ndipo akausema. "Yuko kwenye mashine. Pumzi kumi na nne. Daktari anasema usiku huu hatakufa. Kesho hakuahidi, lakini usiku huu hapana."

Tumainieli alifunika uso kwa mikono miwili, akakaa hivyo. Alipoitoa, alivuta karatasi, akasoma kuanzia juu. Akaweka kidole kwenye mstari wa nne.

"Dada. Hapa."

"Hapo pana nini?"

"Umeandika dengelua. Hiki kitasomwa mahakamani. Watu wa usharika watakuwepo. Akipona atakuta ametengwa, na yeye ndiye aliyekuwa akitenga watu." Alimeza mate. "Mimi nifungeni. Nimekosa. Lakini yeye muandikie chai. Ukiandika chai haibadilishi kitu kwenye kesi."

Hedwiga alichukua kalamu. Aliwaza jinsi mtu huyu alivyoweza kumlaza baba yake mkubwa kama mzigo, na asiweze kumvua heshima.

"Tangu jana watu watatu wamesema chai," alisema. "Rosemary, kwa kumsitiri. Victoria, kwa kutojua. Wewe, kwa kujificha. Na Daktari Fredrick amekaa kutwa nzima anamtibu mtu aliyekunywa chai."

Akageuza karatasi imwelekee, akaweka kalamu juu yake, kwenye mstari wa nne, chini ya neno dengelua, kama lilivyoandikwa.

"Saini."

Tumainieli akasaini.